Macho ya Florentine na Bia ya Denmaki

Soko zima la Kashikishi linamjua Florentine kwa mambo mawili: dagaa wake hawana mchanga, na macho yake hayamwogopi mtu. Alivuka ziwa kutoka Pweto, ng'ambo ya pili, na binti yake Bénie mgongoni, akaanza na beseni moja. Mimi nakaanga maandazi meza ya pili, kwa hiyo kelele zake nimezivumilia miaka ishirini na miwili.

Sasa Bénie amekuwa mkubwa, na mwaka huu akatuletea mchumba: Rasmus, Mdenmaki anayepima samaki wa ziwa hili, mrefu kama mlingoti, na Kiswahili chake amekiokota kwa wavuvi. Alikuja na zawadi za kwao, chupa nne za bia na peremende. Nikatia moja mdomoni. Chumvi! Peremende nyeusi tititi, ya chumvi! Nikaitema kwenye kitenge. Florentine akamung'unya yake taratibu, akasema hiyo ni dawa ya kikohozi, akaficha mbili.

Mambo yaliharibika kwenye bia. Rasmus aliinua glasi, akamkazia Florentine macho.

“Mama, kwetu ukinywa na mutu, unamuangalia mu macho. Usipoangalia, umemuzarau.”

Jamani! Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani; wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani. Hata pombe ya ulezi tunaiinamia chunguni kwa mrija, macho chini. Florentine alikusanya kitenge chake, akaingia jikoni, na sauti ikatoka kabla mlango haujafungwa.

“Bénie! Ule muzungu ananiangalia sawa mutu wa soko! Hana haya! Ndoa hakuna!”

Bénie alilia siku tatu. Nilikasirika, nikamwambia Florentine wazi kwamba kijana alikuwa anampa heshima, ila ya kwao. Akaendelea kupepeta dagaa wake. Lakini wiki iliyofuata, kila akinywa maji sokoni aliniinulia kikombe na kunikodolea macho mpaka nikacheka.

“Dada, uko mugonjwa?”

“Nyamaza, kunywa.”

Jumamosi akamwita Rasmus. Bia mbili zilikuwa zimebaki, amezifunga kwenye nguo chini ya kitanda. Akamimina, akakaa mbele yake, akainua glasi, akainua na macho.

Rasmus alikuwa amepiga magoti mkekani, anapiga makofi polepole, salamu yetu ya heshima kwa wakwe, macho kwenye vidole vyake vya miguu. Bénie alikuwa amemfundisha. Shingo imekuwa nyekundu, lakini kichwa hakiinuki. Florentine akangoja. Povu likaisha.

“Muzungu!”

“Mama.” Bado anaangalia chini.

“Mi nimejifunza wiki muzima. Angalia!”

Akaangalia. Wakanywa. Mimi machozi yalinitoka, sitadanganya. Kisha Florentine akageuza uso ukutani, jinsi mila inavyotaka, akamwita binti yake.

“Bénie, leta kiti. Mukwe wangu anaumia magoti.”