Chupa Chini ya Kitanda cha Mama

Juzi nesi alinipaka spiriti mkononi kabla ya kunidunga sindano, nikamshika mkono nikamwambia angoje kwanza. Alidhani naogopa sindano, mtu mzima kama mimi. Si sindano. Ni ile harufu. Inaingia puani ikiwa baridi, halafu inachoma, na mimi nakuwa tena msichana wa darasa la tatu pale Huruma, Eldoret, nimekaa juu ya kitanda cha mama, na chini yangu chupa zimejaa wadudu.

Nitawasimulia, na majina nitayataja. Enzi zile za chama kimoja tulifundishwa kunyamaza, na mimi nimenyamaza vya kutosha.

Mama alikuwa akifulia watu nguo. Mmoja wa hao watu aliitwa Daktari Oduor, mtu wa kutoka ziwani, aliyefundisha chuoni mjini. Hakuwa daktari wa kutibu. Kina mama wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga walichukua muda kuelewa hilo. Walimletea watoto wenye kikohozi, naye akawapa pole na kuendelea na safari yake ya mtoni. Kila Jumamosi alikunja suruali akaingia Sosiani, akawa anageuza mawe.

Chini ya yale mawe kuna mdudu mdogo kama funza anayejijengea nyumba. Anaokota mchanga na vijiti, anaviunganisha kwa uzi unaotoka mdomoni mwake, halafu anaivaa hiyo nyumba kama soksi na kutembea nayo. Akikomaa anaota mabawa, anatoka majini akiruka kama nondo. Daktari alimwita kadisi. Sisi tulimwita fundi.

Wale wa kijito cha Kiplombe walijenga kwa changarawe. Wale wa Sosiani, karibu na wapasua mbao, walijenga kwa vipande vya maganda ya miti. Daktari alitaka kujua kama ni ukoo mmoja au koo mbili. Alisema nyumba inaweza kukudanganya, jibu liko ndani ya mwili wa mdudu, kwenye kile anachorithi kwa mama yake na baba yake. Siku moja alimtoa mmoja nyumbani kwake kwa sindano, taratibu, akamweka uchi kwenye sahani ya maji pamoja na shanga zangu zilizokatika. Kufikia jioni mdudu alikuwa amevaa shanga. Nilicheka mpaka nikashikwa na kwikwi.

"Huyu amevaa kuliko sisi wote ploti hii," mama alisema.

Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Waliingia kwenye chupa za spiriti, na chupa zikaja kwetu, chini ya kitanda. Daktari alisema kwake hakuna nafasi. Mama alizifunika na gunia na kunionya, "Hiyo ni ya kusoma, usiguse." Aliringa kidogo. Hakuna mwingine Huruma aliyewekewa kitu na msomi.

Sasa, mwaka huohuo watu walikunywa chang'aa mbaya, ile pombe haramu ya kupikwa majumbani, huko Turbo wakafa. Kabla ya kufa waliita watoto wao wakiwapapasa, kwa sababu macho yalikuwa yamezima. Mmoja wao alikuwa ndugu ya Rasoa, jirani yetu wa mlango wa pili. Rasoa alirudi kutoka matangani akiwa amekonda, haongei na mtu. Jumamosi moja alikuja kuomba chumvi. Mama alikuwa nje akianua nguo, maana mawingu yalikuwa mazito. Rasoa akasikia harufu, akainama, akafunua gunia. Akatoka mbio. Chumvi aliiacha.

Alirudi na Chifu Lagat, na askari wa chifu aliyeitwa Mutiso, na nusu ya Huruma nyuma yao.

Mutiso alizitoa chupa moja moja akazipanga uani. Chifu alimimina kidogo kwenye kifuniko, akawasha kiberiti. Moto wa buluu ukasimama. Kila mtu pale alijua moto huo ni wa nini.

"Chang'aa namba moja kabisa," Chifu akasema.

Mutiso akatia vidole kwenye chupa, akainua fundi mmoja juu watu waone. "Mnaona vile wanaongezea nguvu? Wadudu! Hii ndiyo mnakunywa!"

"Chifu, ni za Daktari," mama alisema. "Ni za kusoma."

Watu waliangua kicheko. "Chang'aa ya kusoma! Profesa Mama Nafula!"

Kicheko kilikatwa na rungu. Mutiso alimpiga mama mgongoni, akaanguka juu ya nguo alizokuwa ameanua, nguo za watu, akajaribu hata hapo kuzivuta pembeni zisichafuke. Nilimrukia Mutiso mguuni. Alinizaba kofi moja la sikio la kushoto, na sikio hilo halijasikia kitu tangu siku hiyo. Mama akapiga kelele, "Nafula, kimbia umwite Daktari!"

Nilikimbia mpaka mtoni. Alikuwa amepiga magoti majini, ana jiwe mkononi. Nilimwambia yote kwa mkupuo mmoja. Alilirudisha jiwe mahali pake. Akanawa mikono, akakunjua suruali, akauchukua wavu wake akausukuma ndani kabisa ya matete. Mimi niliona anachelewa tu. Nilimvuta shati njia nzima.

Tulipofika, mama alikuwa amekalishwa chini, damu inamtoka mdomoni. Chifu alimsalimia Daktari kwa heshima.

"Mwalimu, huyu mama anasema hizi chupa ni zako."

Daktari aliziangalia. Ndani ya kila chupa kulikuwa na kikaratasi chenye mwandiko wake wa penseli. Hata mimi niliujua mwandiko ule.

"Mimi?" akasema. "Huyu mama hunifulia nguo tu."

"Daktari," mama alimwambia polepole, "tazama vizuri."

"Nimetazama," akasema. Akageuka, na watu wakampisha njia.

Hapo ndipo kamba ilikatika. Mawe yalirushwa. Chupa zilipondwa kwa buti. Mutiso aliweka mkono wa mama juu ya jiwe la kufulia akauponda kwa rungu, akisema ni mkono wa kupika sumu. Halafu Rasoa akaja na chupa iliyobaki nzima. Wanawake wawili walishika kichwa cha mama. "Na wewe uone vile ndugu yangu aliona," Rasoa alisema, akammiminia yote machoni. Spiriti ile ilikuwa imechanganywa na dawa ya kuhifadhi. Ile sauti mama aliyotoa niliisikia kwa sikio moja, na lilitosha.

Chifu Lagat alisimama hapo akifuta kofia yake.

Mama alifungwa kama mpika chang'aa. Alitoka akishikwa mkono, haoni. Shule yangu iliishia hapo, maana nilikuwa macho yake.

Rasoa nimemsamehe nusu. Alikuwa na maiti moyoni. Lagat na Mutiso, sina la kuwaambia. Ila yule mwingine nilimwelewa nikiwa mtu mzima, nilipopata kibarua cha kufagia kwenye chuo kimoja. Nilifungua chumba cha sayansi na harufu ikanipiga. Kabati kwa kabati, spiriti na wadudu, na rafu tupu tele. Wafagiaji wa zamani wakanieleza jinsi nyumba za walimu zilivyokuwa zikipekuliwa na polisi miaka ile, na jinsi spiriti ya chuo ilivyohitaji ruhusa kuitoa. Nikakaa chini na ufagio. Kwake chupa zingekutwa, zingekuwa zake. Kwetu zingekutwa, zingekuwa chang'aa. Alikuwa ameshapima hayo kabla ya kuleta ile ya kwanza.

Mama sikumwambia. Mpaka anakufa alikuwa akimtetea. Jioni, tukikaa mlangoni, angesema, "Pengine hakuziona, Nafula. Pengine jua lilimpiga machoni."

Nami ningesema, "Pengine, mama."

Siku ile hakukuwa na jua.