Siku Wageni wa Arash Walipong'oa Majani ya Mama

Kwa miaka mingi nimewaambia wanafunzi wangu wa uhusiano wa kimataifa kwamba vitabu tunavyosoma viliandikwa na watu waliokuwa wakiogopana. Ndiyo maana karibu vyote vinaanzia kwenye hofu: hakuna mkubwa juu ya mataifa, basi kila taifa limchunge jirani yake. Mimi hubisha. Nasema huku kwetu, kabla wakoloni hawajaja na rula zao za kuchora mipaka, watu wasio na mfalme mmoja walijua kupokea wageni, kuazimana malisho na kusameheana, na hiyo nayo ni nadharia. Nimeandika hata kitabu. Wenzangu wa ng'ambo husifu mifano yangu, kisha huuliza nadharia iko wapi. Hunikera mno.

Basi siku ya posa yangu, bingwa huyo wa diplomasia, yaani mimi, alikuwa jikoni kwetu Ganako akimenya viazi. Desturi ni desturi: anayeposwa haketi kikaoni, anaitwa mwishoni tu kuulizwa kama anawafahamu wageni; akisema anawafahamu, amekubali posa. Mchumba wangu, daktari wa mifugo, Mmasai kutoka Arash, naye hakuja. Aliwakilishwa na baba yake mdogo na wazee wawili, wote na mashuka mapya, ndani ya gari la watalii la kuazima. Upande wetu aliongoza mjomba. Aliyekosekana ni mama.

Alikuwa bandani na ng'ombe wake, amesusa. "Wamasai walichukua ng'ombe wa baba yangu wote," aliniambia asubuhi ile. "Leo waje kwa miguu yao wachukue na wewe?" Nikamjibu kwamba hayo yalipita, kwamba watu wetu na wao wameoana tangu zamani. "Hayo kawaambie wanafunzi wako," akasema. Nilicheka, nikaenda kumenya viazi. Baba alishafariki, na nilikuwa nimeapa moyoni kwamba bila neno la mama siolewi.

Mjomba alipowaeleza wageni kwa nini mwenye nyumba haonekani, baba mdogo aliinuka, akatoka nje. Kiangazi kilikuwa kimemaliza kila jani. Ua wote ulikuwa vumbi jekundu, isipokuwa mabingobingo ya mama ya kulishia ng'ombe, kando ya banda, aliyoyamwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo. Kupitia dirisha la jikoni nilimwona mzee huyo akiinama, akang'oa konzi nzima.

Nilijua maana yake. Kwao, anayeshika majani mkononi anaomba amani. Sura ya tatu ya kitabu changu inahusu hayo tu! Ila mama hakuwahi kusoma sura ya tatu.

"Jamani! Yule anang'oa majani ya ng'ombe yangu!" Akatoka bandani na reki. "Hata salamu hajanipa, ameshaanza!"

Niliacha kisu nikakimbilia mlangoni, mhadhara mzima ukiwa mdomoni. Shangazi akanivuta gauni. "Rudi kwenye viazi. Hujaitwa."

Mzee hakurudi nyuma. Aliyanyoosha majani kwa mikono miwili. "Yeyo," akamwita, yaani mama kwa Kimasai, "ile habari ya ng'ombe za baba yako nimeisikia. Kurudisha siwezi. Nimekuja na hii."

Mama alimtazama, akayatazama majani, akayapokea. Kisha akageuka akayatupa horini, mbele ya ng'ombe wake.

Nikafumba macho. Alama ya amani inatafunwa! Nikasikia kicheko, nikadhani ni cha dharau, kumbe baba mdogo alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. "Sasa imefika kwa mwenyewe!" akasema. "Sisi majani tunaheshimu kwa sababu ya nani? Si huyu ng'ombe?" Mama alijikaza asicheke, akashindwa.

Nilipoitwa kikaoni, nilimkuta mama ameketi kwenye kiti chake. Mjomba akakohoa. "Binti, hawa watu unawafahamu?"

"Kabla ya kumwuliza yeye, niulizeni mimi," mama akadakia. "Nawafahamu. Nimewaogopa tangu nikiwa mtoto." Akamgeukia mzee. "Siku nyingine mkija, majani muombe kwanza. Nitawapa."

Halafu akaniuliza yeye mwenyewe, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu baba afariki, kama nawafahamu. Nilisema nawafahamu, na machozi yakanitoka mbele ya ujumbe wote.