Ramani ya Mwalimu Sylveri

Katika kambi ya wakimbizi ya Lukole, wilaya ya Ngara, Tanzania, Sylveri alikuwa mwalimu. Mjini Buffalo, Marekani, alikuwa mkunja maboksi kiwandani. Yeye, mkewe Angelika na binti yao Flavia walifikia kwanza mji wa Louisville, wakakaa miaka sita mtaa wa Iroquois, kisha wakahamia Black Rock, mtaa wa Buffalo, waliposikia kuwa nyumba za huko ni rahisi. Kazi ilibadilika, lakini ualimu haukumtoka. Kila Jumamosi aliwakusanya watoto wa Kirundi katika chumba cha chini cha kanisa, akawasimulia jinsi mfalme Ntare Rushatsi wa Burundi alivyoanza na vilima vichache, na jinsi Ntare Rugamba, vizazi kadhaa baadaye, alivyoupanua ufalme pande zote na kuwaweka wanawe mipakani waulinde.

Ramani aliichora mwenyewe juu ya kadibodi, akaitundika ukutani. Upande wa mashariki aliipaka nchi ya Bugufi, ambayo leo imo Ngara, rangi nyekundu, ndani ya Burundi, maana ilikuwa ya mfalme mpaka Wazungu walipogawana nchi na kuitia Tanganyika.

"Lukole iko Bugufi," aliwaambia watoto. "Tuliandikwa wakimbizi kwenye ardhi aliyoiteka mfalme wetu."

Watoto waliinamia simu zao. Flavia peke yake ndiye aliyemtazama, kwa huruma.

Mwaka 2015 nyumbani Burundi kukachafuka tena. Risasi zililia Bujumbura, na huku Black Rock watu wakaanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Jumapili moja Leopoldi, mzee wa kanisa, alimvuta kando.

"Mwalimu, ile ramani iteremshe."

"Imemkosea nani, mzee wangu?"

"Ukitaja mfalme, kila mtu anasikia kabila. Tena ndugu zetu wanavuka sasa hivi kuomba hifadhi Tanzania, nawe umewapokonya Watanzania ardhi, ukutani mwa kanisa!"

"Ni historia tu."

"Historia hiyohiyo ndiyo iliyotutoa kwetu."

Sylveri aliiteremsha.

Wiki tatu baadaye simu ikaja. Athanasi, mdogo wake, alikuwa amevuka mpaka akiwa mgonjwa. Siku ya tatu akafariki, akazikwa hukohuko Ngara. Watu walijaa sebuleni kwa matanga, wakaimba. Leopoldi alimwombea marehemu, "aliyelala ugenini." Sylveri akainua kichwa, akafungua kinywa kumsahihisha. Angelika akamshika mkono.

"Acha, Baba Flavia," alinong'ona. "Ramani haitamrudisha."

Akaacha. Na baada ya matanga masomo ya Jumamosi hayakuanza tena. Hakuna mzazi aliyeuliza kwa nini.

Siku aliyorudi kiwandani, kijana mgeni aliyepangiwa naye mashine moja alimuuliza kwao ni wapi. Zamani swali hilo lingekula saa nzima ya chakula, Sylveri akichora mito na vilima mezani kwa kidole.

"Afrika," alijibu, akavuta boksi jingine.

Yule kijana akaitikia kwa kichwa, ameridhika.