Moja ya Ya Latwifu

Juzi mwanafunzi wangu aligawa namba kubwa kwa nane, ikabaki moja, nami nikasikia harufu ya udi wa Badjanani, mtaa wa utoto wangu.

Mamluki walikuwa wamemchukua baba. Alasiri ile wanawake wanane walikaa mkekani kwa bibi, wamwite Mungu kwa jina lake la upole, Ya Latwifu, mara 16,641, kama ada yetu wakati wa dhiki. Buti zilipita kichochoroni. Hakuna aliyeinua uso. Waligawana sawasawa, ikabaki moja.

“Hii yako, mjukuu wangu,” bibi akasema. “Usiitafune.”

Niliisoma kwa sauti. Baba aliporudi, niliamini yangu ndiyo iliyomfungulia mlango.

Sasa najua 16,641 ni 129 mara 129, na namba yoyote witiri ukiizidisha kwa yenyewe, kisha ukagawa kwa nane, hubaki moja. Sikupewa makombo. Hesabu ilishanitengea fungu langu.