Foleni ya Maji Wakati wa Ibada

Miaka ile ya tisini, mfereji wetu wa Shauri Moyo, bomba la nje, ulikuwa mmoja kwa nyumba nyingi, na maji yalikuja yalipotaka. Jumapili yalikuja mara nyingi, karibu na saa sita. Kwa hiyo watu walipanga mitungi yao ya plastiki asubuhi, mmoja nyuma ya mwingine, kisha wakaenda kanisani. Mitungi ilibaki peke yake. Asiyekuwa na mtungi wa ziada aliweka jiwe, na jiwe hilo liliheshimiwa kama mtu aliyesimama. Watu wa mtaa jirani wa Majengo waliopita hapo walitucheka: "Nyinyi mnaachia plastiki kazi ya kusimama!" Lakini sikuwahi kuona mtungi ukisogezwa. Hatukuwa malaika. Tuligombana kwa mambo mengine yote, ila si kwa foleni ile.

Aliyeisifu zaidi alikuwa mzee wa kanisa letu, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa mtaa. Alisema mimbarini kwamba foleni hiyo ni ushuhuda wetu kwa wasiomjua Mungu. Mama yangu, aliyeuza mitumba ya watoto katika soko la Gikomba, alimpenda kwa maneno hayo. Aliyarudia nyumbani huku akikunja nguo.

Kisha dada yangu mdogo, ambaye hakuwa ameanza kutembea, akashikwa na tumbo la kuendesha. Kule zahanati walisema anyweshwe maji yaliyochemshwa kila mara, asije akakauka. Mama akaniambia nitoke kanisani kabla ya sala ya mwisho, nikae karibu na mtungi wetu. Alikuwa ameuweka alfajiri, karibu kabisa na mbele.

Nilipofika nilimkuta mwanamume wa mkokoteni, mmoja wa wale wanaobeba marobota Gikomba, akishusha mitungi mikubwa ya bluu. Aliipanga mbele ya yote, na wetu akausukuma nyuma kwa mguu. Mitungi ile niliijua. Kila mtu mtaani aliijua.

Mimi kusema na watu wakubwa kulinitoa jasho, lakini nilijikaza. "Baba, hii ni foleni."

"Naiona, msichana. Mimi nimetumwa tu."

"Na mzee wa kanisa?"

"Na nani mwingine? Enda umwulize. Si yuko hapo ndani anawaombea?" Akacheka, akaendelea kushusha.

Sauti ya mzee ilitufikia kupitia kipaza sauti cha kanisa. Alikuwa akihubiri juu ya mchungaji mwema. Maji yakaja. Mitungi ya bluu ikajaa yote, na ilipofika zamu ya watu wengine mfereji ukawa unatoa upepo. Sisi tulipata maji ya kufunika chini ya mtungi.

Watu walitoka ibadani wakaona. Wakampungia mzee mkono. "Bwana asifiwe, mzee!" Naye akajibu, "Amina, amina," akipita kando ya mkokoteni uliobeba maji yake. Jambo hilo linanichefua mpaka leo, kuliko hata mitungi yenyewe. Tulimsifu Bwana mbele ya wizi, tena kwa tabasamu.

Jumapili iliyofuata, jirani yetu aliyekuwa karani wa reli alileta mtungi wake na kuuweka mbele. Mwanamke mmoja akamuuliza haoni haya. "Kwani mimi nina dhambi kuliko mzee?" akajibu. Baada ya hapo mawe yalitupwa mtaroni. Akina mama waliacha ibada wakakaa juu ya mitungi yao kuilinda. Mwimbaji wa kwaya alimng'ata mwenzake mkono, akiwa bado amevaa joho lake. Mtu mwingine alitema mate ndani ya debe la jirani yake, nikamwona akijifuta mdomo kwa utulivu, kama aliyemaliza kula. Mzee hakutuagiza tufanye hayo. Alitufungulia mlango tu, na ndani yetu kulikuwa na uchafu uliokuwa ukingoja.

Macho ya dada yangu yalikuwa yameanza kuingia ndani. Jumapili moja mama alinikuta nimesukumwa nyuma tena. Aliubeba mtungi wetu akauweka mbele ya ule wa ajuza aliyeishi peke yake nyumba ya kona. Ajuza alikuwa amekaa pale pale kwenye kigoda.

"Hata wewe, mwanangu?"

"Nina mtoto mgonjwa, mama."

"Najua. Ungeniambia tu, ningekupa nafasi yangu."

Mama aligeuza uso. Lakini hakuurudisha mtungi. Aliujaza, na maji yakakatika kabla ya zamu ya ajuza.

Jioni mzee alikuja na waumini wachache kumwombea mtoto. Aliketi, akakunja mikono ya shati, akaomba maji anawe.

"Haya ni ya mtoto, mzee," mama akasema. "Tena nimemnyang'anya bibi wa watu. Ukitaka kunawa, kwako yapo mengi."

"Mama, usimpe Shetani nafasi."

"Nimeshampa. Nilikufuata wewe, kwa sababu nilidhani unajua unakokwenda."

Waumini walitazama sakafu. Mzee alishusha mikono ya shati polepole, akasema atarudi mama akitulia. Hakurudi.

Usiku ule mama alimnywesha dada yangu, ambaye alikuja kupata nafuu wiki zilizofuata. Kisha akamimina nusu ya maji yaliyobaki kwenye sufuria, tukaenda nyumba ya kona. Ajuza alifungua, akaitazama sufuria, akamtazama mama.

"Mtoto amekunywa?" ajuza akauliza.

"Amekunywa."

"Basi weka hiyo pale mezani. Na uingie, usinisimamie mlangoni kama mgeni."