Aliyemsukuma Akinyi

Sikuombi uniamini. Nimeshachoka kuombaomba. Lakini haya ninayokuambia yalinitokea mimi mwenyewe, mchana kweupe, jua la saa saba, na sikuwa nimekunywa kitu ila maji ya chupa. Ukitaka kucheka, cheka sasa tumalizane.

Mimi ni fundi wa baiskeli pale Kaloleni, Nairobi. Ndiyo, mwanamke, na spana naishika kuliko wanaume wengi. Jumamosi huwa tunaendesha, kikundi cha watu kumi na wanne, wengine wa Dandora, wengine wa Lucky Summer. Akinyi ni jirani yangu, mlango wa tatu kutoka kwangu. Tunachota maji bomba moja, na tumeazimana sufuria hadi hatujui ipi ya nani. Mimi ndiye niliyemtia kwenye kikundi. Nilimuundia baiskeli kwa vipuri vya kuokoteza, nikamwambia, "Njoo mama, utakaa tu kwa nyumba mpaka lini?" Akaja. Alikuwa mzito barabarani, lakini alikuja kila Jumamosi.

Kikundi chetu kina sheria moja isiyochezewa, nayo ni mkia. Mkia ni yule anayeendesha nyuma ya wote akiwa amevaa rifleta, kile kizibao cha njano kinachong'aa. Mkia hampiti mtu. Mtu akisimama kufunga kamba ya kiatu, mkia naye anasimama. Kapteni akiona rifleta inaingia, anajua wote wamefika, haulizi zaidi. Kwa hivyo rifleta hupewa mtu wa kuaminika.

Mwaka juzi tukapakia baiskeli kwenye lori, tukashuka Pwani. Mzunguko ulianzia Kilifi. Unavuka daraja, unapita Mnarani, Takaungu, Vipingo, halafu unakata ndani kwenye mashamba ya mkonge na kurudi Kilifi. Vijimji vizuri, wueh! Watoto wanakukimbilia, mama wa mahamri anakuita kama mnajuana tangu zamani. Na mimi siku hiyo ndiye niliyekuwa mkia.

Sasa elewa. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa na sijawahi kuigusa bahari. Tangu asubuhi naiona kwa mbali tu, kipande hapa, kipande pale. Wenzangu wa mbele wanatuma picha wakiwa majini, nami niko nyuma natazama mgongo wa Akinyi. Anaendesha kidogo, anasimama. Anaendesha kidogo, anasimama. Karibu na njia ya kuingia Takaungu akaketi chini ya mkorosho, akashika kifua, akasema, "Nipe dakika kumi, dadangu." Nikamwambia sawa. Nikasogea mbele kidogo, nyuma ya kona, nimenuna kama mtoto.

Hapo ndipo alipotokea mwanamke mmoja juu ya baiskeli. Sikumsikia akija, na masikio yangu hayakosi mlio wa cheni. Amevaa leso safi, hana tone la jasho.

"Mbona umenuna, mwanangu?" akaniuliza.

"Namngoja mtu."

"Nawe wataka kwenda kuiona bahari." Nani alimwambia? Mimi sikuwa nimesema neno. "Nipa hiyo nguo yako ya njano. Nitakaa naye mimi. Mwenzio mgonjwa."

Na unajua nilijibu nini? Nilisema, "Mgonjwa wapi! Ni uvivu tu." Mungu anisamehe. Nikavua rifleta, nikampa mtu nisiyemjua hata jina, nikakanyaga pedali.

Niligeuka mara moja tu. Mwanamke alikuwa ameshaivaa, anaelekea kwa Akinyi. Na haki ya Mungu, niliouona ulikuwa mgongo wangu. Suruali yangu ileile yenye kiraka, kitambaa changu kichwani. Nikajiambia ni jua, nikaongeza mwendo. Wewe ungefanya nini? Usiniambie ungerudi. Mimi nilitaka kwenda baharini.

Nikaenda. Nikaoga. Nikaokota makombe. Saa mbili nzima, manze, wala sikumkumbuka Akinyi hata kidogo.

Nilipofika Kilifi, wote walikuwa mezani hotelini, wanakula wali. Nimeegesha baiskeli huku natunga uongo wa kumwambia kapteni. Kabla sijafungua mdomo, nikamwona Akinyi! Amekaa, anacheka, rifleta yangu iko magotini mwake.

"Umemaliza kunawa uso?" akaniuliza. Halafu akawageukia wenzetu. "Aki huyu dada! Amenisukuma kwa mkono mgongoni kutoka kule mkoroshoni hadi hapa. Hajaniacha hata dakika moja. Na hajalalamika."

Kapteni akasimama, akapiga makofi. Meza nzima ikapiga makofi. Na mimi?

Mimi nilitabasamu. Nikasema, "Hata si kitu."

Hayo maneno matatu ndiyo yanayonila hadi leo. Jini, kama alikuwa jini, hakunidhuru. Alimsukuma mtu wangu hadi mwisho. Ningeweza kusema palepale, jamani, huyo hakuwa mimi. Wangenicheka, au wangeogopa, au wangeninyang'anya rifleta. Lakini nilipenda yale makofi, nikayachukua.

Tukiwa njiani kurudi Nairobi, Akinyi akanishika mkono kwa nguvu. Akaninong'oneza, "Yale niliyokuambia usimwambie mtu. Na usisahau ulichoniahidi."

"Siwezi kusahau," nikamjibu.

Sikujua ni nini. Nilijisemea nitamchokonoa polepole mpaka aseme tena. Kila nilipojaribu, alinikatiza, "Tulishaongea, mama, usinirudishe huko." Basi nikaacha. Nilidhani labda ni mambo ya nyumba, au ya mwanamume.

Mwezi uliofuata, asubuhi moja, niko bombani najaza ndoo. Akinyi akapita na mkoba, amevaa ile nguo yake ya kanisani. Akasimama mbele yangu. Alikuwa ananitazama sana.

"Nitangulie?" akauliza.

Ningemuuliza, "Unaenda wapi?" Maneno mawili tu. Lakini niliona haya, kwa sababu ilionekana natakiwa kujua.

"Tangulia," nikasema. "Nakuja."

Akatangulia. Mimi nikabeba ndoo yangu, nikaenda kufungua kibanda, nikaziba pancha za watu mpaka jioni.

Nilikuja kuyajua baadaye sana, baada ya miezi, nilipomkuta kwake amelala, kifua kimefungwa bandeji. Akaniambia bila kupaza sauti. Alikuwa na uvimbe kwenye titi. Hakumwambia dadake wala binti yake, alimwambia mtu mmoja tu, juu ya baiskeli, njia ya Takaungu. Na mtu huyo alimwahidi, "Siku ya upasuaji nitakaa nawe mpaka waje kukuchukua." Siku ile ya bombani alikaa kwenye benchi la hospitali, akiangalia mlango. Saa tatu, saa nne, saa tano. Jina lake lilipoitwa woga ukamshinda, akachukua mkoba akarudi nyumbani. Alipopata moyo wa kurudi tena, ule uvimbe mdogo uliokuwa utolewe peke yake ulikuwa umeenea. Wakatoa titi lote.

Nilipiga magoti kando ya kitanda. Nikamwambia kila kitu, mwanamke wa leso, mgongo wangu, makombe, makofi. Nililia hadi pua ikaziba.

Akinyi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ungesema tu uliogopa hospitali. Ningekusamehe. Sasa unaniletea jini?"

Akageukia ukutani.

Anaendelea vizuri, namshukuru Mungu. Kila jioni anapita hapa kibandani. Ananisalimia, "Habari ya kazi," kwa heshima, vile unavyomsalimia fundi yeyote. Kuendesha aliacha. Baiskeli aliirudisha kupitia kwa binti yake, imeoshwa vizuri. Mimi kwenye kikundi sijaivaa rifleta tena, ingawa kapteni hunibembeleza kila Jumamosi, eti hakuna mkia kama mimi. Sijawahi kumwambia kwa nini nakataa.

Usimpe mgeni nafasi yako kando ya mtu wako, hata kwa dakika kumi. Na kama umeshampa, kisha watu wakakusifu kwa jambo ambalo hukulifanya, kataa hapohapo, kabla makofi hayajaisha. Ukingoja kesho, hakuna atakayekuamini.