Daktari wa Nyasi Adai Nafasi ya Jina Lake

Saa moja asubuhi, Mashuuru, kaunti ya Kajiado. Daktari Mwelu Kiema amepiga magoti kwenye nyasi kavu, mbele yake fremu ya waya yenye upana wa mita moja. Anahesabu mashina, anaandika, anainuka. Anairusha fremu tena na kupiga magoti pale ilipoangukia.

"Supa, Mama Resian," anamsalimu kwa Kimaasai Kasaine, mfugaji anayepita na mbuzi wake. "Bado hujapata hiyo sindano yako?"

"Supa oleng. Wewe shika mbuzi zako, zitakula hesabu yangu!"

Kasaine anacheka, lakini anawasukuma mbuzi kando.

Mwelu, 38, ana shahada ya uzamifu katika malisho. Kazi ya kudumu hana. Kutoka nyumbani kwake Kitengela, hufundisha kozi tatu katika vyuo viwili, kila moja shilingi elfu 60 kwa muhula. Vyuo vikifungwa, hapati hata senti. Mumewe, Lemein Katoo, ni mtaalamu wa mifugo mwenye shahada kama hiyo. Kwa miaka sita wametafuta kazi wakiwa wawili, penye mlango ambao hata mmoja huupita kwa ubavu.

Mwaka jana Mwelu aliitwa kwenye usaili katika chuo kimoja cha Kajiado. Alibeba makala tisa za utafiti alizoandika na mumewe. Zote tisa zilianza na jina la Lemein.

"Mwenyekiti akaniuliza, 'Sasa zako ziko wapi?'" anakumbuka. "Nikamwambia ni hizo. Akasema jina la pili halina alama."

Hakuna aliyemnyang'anya. Wenye maboma ya Mashuuru walimpokea Mwelu, Mkamba wa Machakos, kwa sababu ya ukoo wa Lemein, Mmaasai wa huko. Akaona ni heshima jina lililofungua boma lifungue na makala. Yeye mwenyewe ndiye aliyependekeza hivyo. Nyasi akahesabu yeye, jua likamchoma yeye, sifa zikaenda kulala kwa mwingine.

Sasa nafasi ileile imetangazwa tena. Inataka makala mbili ambazo jina la mwombaji linatangulia, na maombi yanafungwa mwisho wa mwezi ujao. Mwelu ameshachapisha moja. Ya pili jarida limeikubali kwa sharti kwamba aongeze vipimo vya kiangazi hiki.

Katikati ya pilikapilika hizo, Lemein akapata barua ya ajira kutoka chuo cha magharibi mwa nchi. Aliingia nyumbani akiimba.

"Mama Resian, tunahama! Wametupa nyumba ya vyumba vitatu."

"Na kazi yangu wametupa?"

Mwelu aliwahi kuacha kibarua chake na kumfuata Lemein Laikipia. Mkataba wa mume ulipokwisha, walirudi wote wawili mikono mitupu.

"Nilinuna siku tatu," Lemein anakiri. "Halafu nikasoma ile makala aliyoandika bila mimi. Ni nzuri kuliko zetu zote tisa. Iliniuma, ikanifunga mdomo."

Jumatatu aliikubali kazi. Ataenda peke yake na kurudi kila baada ya wiki mbili. Binti yao Resian, mwenye miaka tisa, atabaki Kitengela na mamake.

Tabitha, dada yake Lemein, hakumwacha apumue. "Kwa hivyo umeachwa juu ya nyasi?"

"Mmaasai gani anadharau nyasi?" Lemein akamjibu.

Mashuuru jua limeanza kuwaka. Kati ya fremu 200, zimebaki 40. Mwelu anapanga kuzimaliza Ijumaa, aandike wiki nzima, atume maombi kabla mlango haujafungwa. Wakimnyima tena, ataomba kwingine, na huko pia kwa jina lake.

Na wakimpa, Lemein atarudi?

Anafuta vumbi magotini.

"Mimi sijui," anasema. "Nitamuuliza, halafu nitasubiri anijibu."